Kijana wangu ametoka soba, nimfungie ndani?

SWALI: Assalaam aleikum mwanangu. Kijana wangu alikuwa teja wa heroini miaka mingi. Amekaa soba, ile nyumba ya kuachia unga, miezi sita, juzi karudi nyumbani, kanawiri, anaswali. Nafurahi, ila usingizi sipati. Zamani alikuwa akishusha samaki Dipsii, na unga aliuanzia huko huko. Sasa anataka kurudi kazini. Baba yake mdogo anasema tumfungie ndani mpaka apone kabisa. Nifanyeje?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Wa aleikum salaam. Shikamoo mama.

Mlango uacheni. Mimi nilipokuwa kwenye unga nilishafungiwa, nikatokea darini. Teja hafungiki.

Kinachonitisha zaidi ni mwili wake. Miezi sita umekaa bila unga, umeuzoea ukavu. Kete ya unga aliyokuwa akiimudu zamani, leo inaweza kumuua: pumzi inapungua, midomo inageuka rangi, halafu basi. Mwambie hivyo hivyo waziwazi, wala usihofu kwamba unamkumbusha. Hajasahau. Na ikitokea umemkuta anakoroma vibaya na haamki, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali ya Bombo, muuguzi aambiwe ukweli alichotumia. Mambo ya kumnywesha maziwa na kummwagia maji achaneni nayo, atapaliwa bure na muda unakwenda.

Sasa Dipsii. Samaki hawana kosa. Tazama saa zile boti zimeshashusha: mtu hajalala usiku kucha, hajatia kitu tumboni, ana hela mbichi mkononi, na wale wa kijiweni wamekaa pale pale kivulini wanamwita jina lake la zamani. Arosto ya mwili, yale mateso ya kukosa unga, iliisha siku nyingi, lakini ya kichwani huamshwa na vitu kama hivyo. Kwa sasa mtafutieni kibarua kingine, hata kwa fundi baiskeli Ngamiani, kinacholipa kwa wiki. Kikikosekana kabisa na akarudi Dipsii, tajiri wake amtumie pesa kwako kwa simu, yeye mwenyewe akiridhia, na atoke nyumbani ameshakunywa chai. Laini ya simu ya zamani itupwe.

Akikwambia hamu inamzidi, usingoje ateleze. Nendeni Bombo mkaulizie dawa ya methadoni. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na siku hizi Tanga ipo. Anainywa kila siku mbele ya muuguzi, inamtuliza arosto na hamu mpaka kesho yake. Majirani watasema ni unga wa serikali. Waache waseme, mbona wa presha naye anameza kidonge kila siku. Ila asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi kama valiamu, hapo pumzi inaweza kukata.

Akiteleza, arudi soba au kliniki siku hiyo hiyo, kabla aibu haijamrudisha kijiweni.

Na baba mdogo, kwa kuwa anataka kusaidia, awe anamsindikiza jioni kwenye mikutano ya waraibu waliopona. Wenyewe wakiwa ndani, yeye akae barazani amsubiri.