Wakala anataka dola 350 kabla ya kusoma mswada wangu

SWALI: Shikamoo Mama. Naishi Mwanjelwa, Mbeya. Mchana nashona nguo, usiku naandika. Nimemaliza mswada wa filamu, kurasa 104, juu ya mama lishe wa Chunya aliyedhulumiwa duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Mwezi wa nne niliweka muhtasari wake mtandaoni. Baada ya wiki mbili akaniandikia mtu anayesema ni wakala wa waandishi wa filamu, yuko Los Angeles. Anataka dola 350 za kuusoma, kuutafsiri na kuusajili, ndipo auuze. Kaka yangu wa Uyole yuko tayari kuuza ng'ombe anisaidie. Barua ya huyo wakala nimeiambatanisha. Nimwamini?
Fundi cherehani, Mwanjelwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie kaka yako ng'ombe abaki zizini.

Mimi nimekulia Ubaruku, baba akilima mpunga. Kila msimu madalali walijaa uani. Walikuwepo wazuri na wabaya, lakini hata yule mbaya alichukua chake kwa gunia lililouzwa. Hakuna aliyewahi kumwambia baba atoe kwanza hela ya kuangaliwa mpunga. Wakala wa filamu naye hula hivyohivyo. Kule Marekani fungu lake la kawaida ni asilimia 10 ya malipo ya mwandishi, na wa vitabu asilimia 15. Mswada usipouzwa, hapati kitu. Anayekudai kabla hajauza amekwisha kupata biashara yake, na biashara yenyewe ni wewe.

Nasema haya kwa uchungu. Mwaka 2011 mtu mmoja wa Dar es Salaam alinitoza laki mbili, akiiita ada ya kusomewa. Ilikuwa hela ya mbolea. Simu yake ilizimika, na mwaka ule mahindi yetu ya Kilolo yalipandwa bila mbolea. Watoto waliona tofauti mezani.

Barua yake nimeisoma mara tatu. Anausifu sana mswada, ila kila anachokitaja kimo kwenye muhtasari wako. Hajauliza hata mama lishe anaitwa nani. Anajitambulisha kwa jina la kampuni, lakini ameandika kutoka anwani ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua kwa dakika tano. Matapeli wengi huazima jina la wakala wa kweli, kwa hiyo ukilitafuta jina hilo ukalikuta, bado hujamjua aliyekuandikia. Usibonyeze kiungo alichokutumia. Itafute tovuti ya kampuni mwenyewe, uchukue anwani iliyopo pale, uwaulize: huyu ni mtu wenu?

Halafu muombe namba ya leseni. Sheria ya California inamtaka wakala wa aina hiyo awe na leseni ya Kamishna wa Kazi wa jimbo, na wenye leseni unaweza kuwatafuta mtandaoni bila malipo. Sheria hiyohiyo inamkataza kutoza ada ya kuandikishwa. Akigeuka aseme yeye ni meneja, ujue meneja hadaiwi leseni hiyo, basi mpime kwa kazi: amewauzia waandishi gani, filamu zipi? Majina ya waandishi hutajwa kwenye filamu, hayafichiki.

Chama cha waandishi wa filamu cha Marekani, WGA, nacho kina orodha ya mawakala waliotia saini mkataba nacho. Aprili 2019 chama hicho kiliwataka wanachama wawafukuze mawakala waliokataa masharti yake mapya, kwa sababu kampuni kubwa za uwakala zilikuwa zikilipwa na studio zilezile zilizopaswa kubanwa kwa niaba ya mwandishi. Maelfu waliwaacha mawakala wao, na kampuni kubwa ya mwisho ilisaini Februari 2021. Waandishi wenye majina waliuliza nani anamlipa wakala wao. Wewe wa Mwanjelwa una haki ya kuuliza vilevile. Pitia pia maonyo ya Writer Beware, kundi ambalo tangu 1998 linawafichua mawakala hewa, bure kabisa.

Kuhusu kusajili, hapo anakuuzia kilicho chako. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, Marekani tangu 1989, kwa hiyo hakimiliki yako inalindwa huko tangu ulipoandika. Ukitaka kumbukumbu ya maandishi, nenda COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki yetu wenyewe. Hata WGA husajili miswada ya wasio wanachama, na unajaza mwenyewe.

Mswada wa Kiswahili wa Chunya, kwa maoni yangu, uanze na watayarishaji wa hapa nyumbani. Waandikie mwenyewe, na usikabidhi kurasa zote 104 bila mkataba ulioandikwa na kusomwa na mwanasheria.

Huyo wa Los Angeles mjibu kwa mistari miwili: naomba namba ya leseni, na asilimia 10 yako utakata mswada ukiuzwa. Usimtumie kingine.

Mimi nitumie kurasa kumi za mwanzo. Nataka kumjua huyo mama lishe, na kama duara lake analipata.