Kulala hakuondoi pombe mwilini

Ndugu uliyeuliza kama mtu akinywa usiku kisha akalala, asubuhi anaruhusiwa kuendesha: si lazima. Ini huondoa takriban miligramu 15 kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, na halikubali kuharakishwa. Kahawa kali au kuoga maji baridi vitakuchangamsha tu. Piga hesabu: umeacha kunywa saa saba usiku ukiwa na miligramu 150, saa moja asubuhi bado una kama 60. Nchi nyingi kikomo ni 50, nyingine 80, na madereva wa abiria mara nyingi hubanwa zaidi. Kwa hiyo unaweza kujiona mzima kabisa, shati limepigwa pasi, na kipimo kikakukamata. Ukigoma kupuliza, hilo nalo ni kosa katika nchi nyingi.

Watu huulizia faini, ambayo kwangu ndiyo nafuu kuliko yote. Dereva wa kazi akifungiwa leseni, ajira imekwenda. Bima nayo (hapa wengi hushtuka) inaweza kukataa kutengeneza gari lako, ikamlipa uliyemgonga, kisha ikakugeukia wewe ikidai fedha zake. Ukiua mtu, ni kesi ya jinai na kifungo cha miaka, na hakimu hatajali kwamba ulilala kidogo.

Kama una safari ya alfajiri, mpe mwingine ufunguo kabla hujafungua chupa ya kwanza.