Wakala wa programu kwenye ghala la dawa: mlishe mauzo ya kaunta, usimlishe oda

Mkuu, umeuliza kama hizi programu wakala, yaani zinazosoma taarifa na kuchukua hatua zenyewe, zinaweza kukusaidia kuendesha ghala la jumla na maduka ya dawa, au ni maneno ya wauzaji tu. Zinasaidia. Nimefanya nazo kazi miaka mitatu kwenye ghala moja la Mwanza lenye maduka Geita, Sengerema, Magu na Bunda. Ila zilitutia hasara kwanza, na kosa lilikuwa letu.

Kila duka lilikuwa na wakala wake anayesoma stoki na kutuma oda ghalani. Wakala wa ghala anajumlisha, anaandaa oda ya kwenda kwa muagizaji Dar. Masika ikaingia, malaria ikapanda, wasimamizi wa maduka wakaogopa kuishiwa dawa ya mseto. Kila mmoja akaongeza kidogo. Wakala wa ghala haoni hofu ya mtu, anaona oda, naye akaongeza ya akiba. Mzigo ulipochelewa maduka yakarudia oda zilezile, yeye akazihesabu kama mahitaji mapya. Mvua zilipokatika tukabaki na makatoni ambayo hatukuweza kuyamaliza kabla ya muda wake kuisha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba katikati ya wingi huo mama mmoja aliondoka duka la Bunda bila dozi ya mtoto. Mseto una pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kulingana na uzito wa mgonjwa. Sisi tulisajili "mseto, boksi" basi. Kwa wakala dawa ilikuwepo tele, kumbe rafuni zilikuwepo pakiti za watu wazima peke yake.

Hilo la oda kuvimba lilielezwa zamani na Jay Forrester wa chuo cha MIT cha Marekani, mwaka 1958: badiliko dogo kwa mteja linakua kila oda inapopanda ngazi kuelekea kiwandani. Wakala anayesoma oda anarudia kosa hilohilo, tena kwa kasi kuliko binadamu. Kwa hiyo tukaacha kumlisha oda. Kila jioni anapokea mauzo ya kaunta, stoki iliyobaki, mzigo ulioko njiani na tarehe za kuisha muda, kila ukubwa wa pakiti na namba yake. Usajili huo mpya ulituchukua wiki sita za kuhesabu rafu kwa mkono. Usiuruke, hata muuzaji wa programu akikuambia ataurekebisha mbele ya safari.

Baada ya hapo ndipo nilipoona uzuri wake. Geita ikikaribia kuishiwa, wakala wake anatangaza hitaji. Mawakala wa maduka mengine na wa ghala wanajibu: nina kiasi hiki, kinaisha muda mwezi fulani, kitafika siku fulani. Anachagua jibu linalomfaa. Utaratibu huu wa kutangaza kazi na kupokea zabuni mtafiti wa kompyuta Reid Smith aliuandika mwaka 1980, na kwetu umeokoa dawa nyingi zilizokuwa zinalala Magu huku Geita inazitafuta. Mwanzoni wakala alikuwa anapima safari kwa kilomita, akaona Sengerema ni jirani tu wa Mwanza. Wakati ule tulikuwa tunavuka kwa kivuko cha Kigongo, ikabidi tumpe saa halisi kutoka kwa madereva.

Kuhusu madaraka: kuhamisha dawa za kawaida kati ya maduka wakala anaamua mwenyewe. Oda ya kununua anapendekeza tu, mfamasia na mhasibu wanasaini. Miezi miwili ya kwanza hata uhamisho alioamua tulikuwa tunaulinganisha na uamuzi wa mtunza stoo kabla ya kumwachia.

Niambie kama programu yako ya mauzo inaweza kutoa faili la kila siku lenye namba ya toleo la dawa na tarehe ya kuisha muda. Kama haiwezi, anza kubadilisha hiyo, maana wakala hatakuwa na cha kusoma.