Bustani juu ya makoro: jibu kwa dada aliyehamia Goma

Jambo dada, karibu Goma. Umeandika kwamba umetoka Butembo, umepanga nyumba Keshero, kiwanja ni makoro, yaani mawe matupu ya lava, na unataka kujua upande nini mwezi gani ili upate mboga za sufuria, majani ya kutia kwenye mchuzi na maua kidogo mbele ya mlango. Wenzangu wamekujibu: Septemba mvua ikianza, mwaga mbegu. Kwa Butembo jibu hilo linatosha, maana kule jembe linazama lenyewe. Hapa jembe likigonga linatoa cheche.

Mimi nakaa Murara. Nyumba yetu ya zamani iko chini ya lava ya mlima Nyiragongo ya Januari 17, 2002, na hii ya sasa tumeijenga juu yake. Nilianza kupanda hapo 2004. Kalenda niliifuata vizuri kabisa, na miaka miwili ya kwanza sikuvuna hata sahani moja ya kumwonyesha jirani.

Kosa langu lilikuwa udongo. Mwezi wa tatu 2005 nilinunua lori zima la udongo mweusi, nikaumwaga juu ya makoro, nikausawazisha kwa reki, nikapanda shu (kabichi) na karoti. Mvua za Aprili zikapiga. Kufika Mei mawe yalikuwa yamechomoza tena vichwa, na barabarani hapakuwa na tope la kunionyesha udongo ulikokwenda. Ulikuwa umezama. Lava ikipoa inapasuka, inabaki na nyufa na mapango madogo, na udongo laini ukipigwa na mvua unashuka humo kama sukari kwenye chai. Pesa za lori nilizokopa nilizilipa hadi Krismasi.

Kwa hiyo sasa, Julai hii, usiwaze mbegu. Kiangazi ndiyo majira ya kuandaa kitanda. Lete changarawe ile nyeusi, jaza nyufa zote, gonga kwa nyundo mpaka isipite tena. Juu yake tandika magunia yaliyochakaa na mashina ya migomba yaliyopasuliwa. Yataoza, lakini yatakuwa yamekupa muda wa mizizi kushika. Kisha panga makoro kuzunguka kama ukuta wa kufika magotini, bila saruji, na ndipo umwage udongo ndani. Lengalenga inaridhika na kina cha sentimita 20. Karoti inataka 30, tena udongo uliochekechwa. Ikikutana na kijiwe inagawanyika miguu miwili na watoto watakucheka.

Mchanganyiko wangu ni karai tatu za udongo, karai moja ya samadi ya mbuzi au ya dende (simbilisi) iliyolala miezi mitatu, na nusu karai ya changarawe laini. Ukinunua udongo wa kuletwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, fungua gunia moja kabla ya kulipa, uingize mkono mpaka chini. Kuna muuzaji aliniletea magunia kumi, juu udongo mzuri, chini vipande vya chupa na mizizi ya sangari. Ile sangari bado naing'oa mpaka leo.

Kama huna pesa ya kitanda, anza na magunia, hata matano tu. Chukua gunia la mchele la kilo 50, kunja mdomo wake nje. Tafuta kopo la maziwa lililotolewa kitako na kifuniko, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze makoro madogo ya ukubwa wa yai. Kuzunguka kopo tia udongo, ukandamize kidogo kwa ngumi. Ukifika ukingo wa kopo, livute juu. Mawe yatabaki yamesimama kama nguzo. Jaza tena, vuta tena, mpaka juu. Maji utamwagia kwenye hiyo nguzo ya mawe, yatashuka mpaka chini badala ya kulowesha juu tu. Pembeni toboa matundu kwa kisu, umbali wa kiganja kati ya moja na jingine, upachike seleri na spinachi. Juu weka shu mbili au puaro (liki) ishirini. Mama mmoja jirani yangu ana magunia kumi na nne mlangoni, na mboga za sokoni hanunui ila kukiwa na sherehe.

Sasa maji, maana hapa ndipo watu wa milimani mnapoumia. Bomba likikauka utanunua maji ya ziwa kwa bidoni (dumu). Angalia birika lako baada ya mwezi mmoja: ndani litakuwa na ganda jeupe. Maji ya Ziwa Kivu yana magadi na chumvi nyingine, pH yake juu inazunguka 9. Kunywesha mimea kwa hayo kiangazi chote kunaacha ule weupe kwenye kingo za gunia, na maharage yataanza kukauka ncha za majani ukidhani ni ugonjwa. Maharage na karoti ndizo zinazochukia chumvi zaidi. Betravu (bitiruti) na spinachi haziijali. Basi Juni hadi Agosti napanda zisizojali, na maharage nayangoja maji ya mvua. Mvua kubwa ya kwanza ikifika, huwa naacha inyeshe juu ya magunia siku kadhaa kabla sijapanda chochote kipya, ioshe. Na majivu ya jikoni, ambayo bila shaka Butembo mlikuwa mkitia kwa wingi kwenye udongo wenu mchachu, huku punguza. Maji yenyewe tayari yanafanya kazi hiyo.

Gunia moja linakunywa kama lita tano kila siku mbili kwenye jua la Julai, kwa hiyo piga hesabu ya bidoni kabla ya kujaza ua mzima. Mimi maji ya kuoshea mchele na mboga hayamwagwi. Ya sabuni ya kufulia, hapana.

Kwenye swali lako umetaja kitu kwa haraka, kama si muhimu: kwamba nyuma ya jiko kuna bonde dogo ambako nyasi hukauka hata wakati wa mvua, na unafikiri kulifanya bustani kwa kuwa limejikinga na upepo. Dada, usichimbe pale, na watoto wasicheze pale hasa alfajiri. Upande huo wa magharibi mwa mji, Himbi, Keshero mpaka kule Ziwa la Kijani, kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia kwenye mashimo kama maji kwenye bakuli. Dalili ndizo hizo ulizoandika, nyasi zilizokauka, na ukitazama vizuri utakuta panzi au ndege waliokufa. Shemeji yangu alipoteza kuku sita usiku mmoja, wamelala kama wamepangwa, bila jeraha. Waulize majirani wa zamani, na watu wa kituo cha kuchunguza volkano, OVG, wanayafahamu haya kuliko sisi. Bustani yako iweke sehemu ya juu ya kiwanja.

Turudi kwenye miezi. Mafundi wa kilimo hapa husema sezoni A, inayoanza na mvua za Septemba, na sezoni B, inayoanza Februari kwenda Machi baada ya kile kiangazi kifupi. Kitalu cha shu mwage katikati ya Agosti chini ya kibaraza, baada ya wiki nne au tano miche iko tayari na mvua nayo imefika. Puaro anza mapema zaidi, inataka karibu miezi miwili mpaka iwe nene kama kalamu. Lengalenga haina kalenda. Wiki nne kutoka mbegu unakata, nami humwaga mistari miwili kila baada ya siku kumi na tano. Vitunguu vinapenda kukomaa jua likiwaka, kwa hiyo vya sezoni B, vinavyovunwa kuelekea Juni na Julai, vinakauka vizuri kuliko vile vya A.

Tomati nitazisema peke yake kwa sababu kila mgeni huanza nazo, na kila mgeni hulia. Goma ni kama mita 1,500 juu ya bahari, usiku kuna baridi, na mildiu, ule ugonjwa wa kuozesha majani, inataka hivyo hivyo: ubaridi na jani lililolowa. Novemba na Aprili shamba la tomati linakuwa jeusi ndani ya wiki, kama limemwagiwa maji ya moto. Nilipulizia dawa mpaka nikachoka kula sumu yangu mwenyewe. Sasa tomati nazipanda ukutani chini ya bati, mahali mvua haifiki, nasimamisha kipande cha bashi (turubai) upande wa upepo, nakata majani yote ya chini mpaka kufikia goti, na maji nayatia shinani tu. Sivuni nyingi, lakini navuna.

Kuhusu volkano, usiwe na hofu ya kila moshi. Ila ukiona vumbi la kijivu juu ya majani asubuhi, lioshe kwa maji safi kabla jua halijapanda. Mlima ulipotema Mei 22, 2021, na siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, nilikimbilia Sake na sikuosha kitu. Niliporudi maharage yalikuwa na madoa ya kahawia kama yameunguzwa na sigara. Romarini (rozimari) haikuwa na habari.

Hiyo romarini ndiyo mmea wa Goma. Chukua tawi la urefu wa mkono, ondoa majani ya chini, lichomeke kwenye ufa wenye udongo kidogo mwezi wa kumi, halafu lisahau. Bugenvilea vilevile. Mchaichai unataka maji zaidi kidogo, uweke pale unaponawia mikono. Dania inafurahia baridi yetu, mwage kidogo kidogo mara kwa mara. Persili loweka mbegu usiku kucha, na usikate tamaa kabla ya wiki tatu. Mtoto wangu aliwahi kunigeuzia kitalu kizima akidhani kimekufa.

Maua ya waridi yakate mwishoni mwa Agosti, uache vijiti vifupi tu, mvua ikute machipukizi mapya. Na hortensia, hiyo nina kisa chake. Dada yangu wa Bukavu ana kichaka cha buluu ambacho watu husimama kupigia picha. Nilichukua vijiti vitatu, nikavipanda mlangoni, nikavinywesha maji ya ziwa kiangazi chote. Maua yakatoka ya rangi ya waridi, kama peremende. Alikuja kutembea akaapa kwamba nimebadilisha mmea. Kumbe udongo mchachu wa Bukavu unaipa hortensia alumini ya kuifanya buluu, na haya maji yetu ya magadi yanaifunga. Nimevipanda viwili upya kwenye gunia linalopata maji ya mvua tu. Mwaka huu kimoja kimetoa ua la zambarau, dada yangu anasema halihesabiki.