Pakeji zipi ziingie kwenye faili la preseed?

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Mbeya, nasimamia maabara yenye kompyuta 24. Nimechoka kupiga Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux) mashine moja moja kwa fleshi, nikaandika faili la preseed, lile linalojibu maswali ya instola, ili zijipige zenyewe. Sehemu ya pakeji (programu za kuwekwa) nikamwaga listi yote ya dpkg --get-selections kutoka laptopu yangu yenye Debian 11, majina zaidi ya elfu mbili, sasa ikifika hatua ya kuchagua programu inaleta skrini nyekundu inagoma. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera maana preseed wengi wanaikimbia. Kosa ni hiyo listi. Ile amri inataja kila kitu kilichomo kwenye laptopu, hata maktaba ndogondogo ambazo hukuziomba, zililetwa tu na programu nyingine, na nyingi zina namba ndani ya jina. Kwa mfano Debian 11 ina libicu67, Debian 12 hiyo haipo kuna libicu72. Jina moja lisipopatikana apt, ile programu inayoweka pakeji, inakataa listi nzima, haikurukii hilo moja ikaendelea. Ikigoma tena bonyeza Alt+F4 usome logi, jina lenye shida utaliona hapo hapo.

Kwa hiyo tupa listi yote. Kwenye laptopu piga apt-mark showmanual, hiyo inatoa zile zilizowekwa kwa makusudi tu, halafu kaa nayo na kalamu na kila jina ambalo huwezi kusema mwanafunzi atalifanyia nini, futa. Usione huruma! Maktaba apt itazivuta yenyewe. Kwa maabara yako mimi ningeandika hivi tu (gcompris-qt ni michezo ya kujifunzia, vlc ni ya kuchezea video):

tasksel tasksel/first multiselect standard, ssh-server, xfce-desktop
d-i pkgsel/include string gcompris-qt vlc

LibreOffice usiiandike, inakuja na xfce-desktop (ile skrini ya kazi yenye menyu na madirisha) kama pakeji inayopendekezwa. Na ndio maana wale wanaokushauri uweke install-recommends iwe false, yaani pakeji zinazopendekezwa zisiwekwe, ili kuokoa nafasi usiwasikilize, hiyo ni nzuri kwa seva, ila kwenye maabara utaikosa LibreOffice na hata kile kialama cha kuunganisha wifi, uanze kuhangaika upya mashine 24. Ssh-server iache, ndio itakayokuwezesha kuongeza programu baadaye ukiwa umekaa kwenye meza yako, ndio maana sio lazima kila kitu kiingie siku ya kwanza.

Halafu bando. Mashine 24 zikishusha pakeji zilezile kila moja kivyake mtandao wa shule utakufa, nakwambia kweli. Chukua kompyuta moja uweke apt-cacher-ng, inasikiliza port 3142, kisha kwenye preseed:

d-i mirror/http/proxy string http://192.168.1.10:3142/

(weka anwani ya mashine yako wewe). Pakeji inashuka mara moja, zilizobaki zinachota hapo hapo ndani. Jaribu kwanza kwenye VirtualBox (programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako) mpaka imalize bila kukuuliza swali hata moja, ndipo uende maabara. Ila kumbuka instola inaiandika hiyo proxy (anwani ya kompyuta ya kuhifadhi pakeji) kwenye /etc/apt/apt.conf ya kila mashine, siku ukiizima hiyo kompyuta ya kuhifadhi pakeji apt itagoma kwenye zote 24, kwa hiyo iache iwake au ufute huo mstari.