Mchango wa mashine ya oksijeni, wodi ya watoto

Umeuliza mchangie mashine ipi ya oksijeni kwa wodi ya watoto. Chukueni inayochuja oksijeni kutoka hewani kwa umeme, ya lita 10 kwa dakika, yenye kigawanyio cha kugawa oksijeni kwa watoto kadhaa; inahudumia watoto watano, kila mmoja lita 2. Ila bei ya mashine siyo bajeti yote. Ongezeni stebilaiza ya kuikinga mashine umeme unapopanda na kushuka, vichujio vya hewa vya akiba, mirija ya puani ya saizi ya vichanga, na kipimaoksijeni (kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu) chenye kihisio cha mtoto, maana kihisio cha mtu mzima huchomoka kwenye kidole kidogo na kutoa namba za uongo. Mtungi wa oksijeni wa akiba ni lazima, umeme ukikatika mashine inazima papo hapo.

Tafadhali mwoneni kwanza fundi wa vifaa tiba wa hospitali, maana mashine inahitaji matunzo. Vichujio vikijaa vumbi oksijeni hupungua, huku mashine ikinguruma kama nzima. Mnunulieni fundi na kipimo cha usafi wa oksijeni inayotoka kwenye mashine.