Dhoruba ya theluji ikipiga, pima mteremko kwanza

Watu huniuliza nabeba nini ninapoingia na skii, zile mbao za kutelezea thelujini, milimani wakati wa dhoruba. Nami huwauliza: mnapita wapi? Maana njia mbaya hairekebishwi na begi zuri.

Maporomoko mengi ya theluji huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na kwa bahati mbaya ndiyo hiyohiyo wapenda skii tunayoitamani. Dhoruba ikiendelea, na hata siku moja mbili baada ya kutulia, mimi sivuki nyuzi 25. Wala sipiti chini ya mteremko mkali. Hilo la pili wengi hulisahau: unaweza kuwa uko tambarare, uzito wako ukavunja tabaka dhaifu lililojificha, theluji ikakatika huko juu na kukushukia.

Upepo naogopa kuliko theluji inayoanguka. Huichota upande mmoja wa kilele na kuirundika upande wa pili, kwa kasi inayoishinda dhoruba yenyewe. Rundo hilo huonekana laini, limetulia, linakuita. Ukiligonga kwa fimbo likalia kama ngoma, liache. Ukisikia mguno mzito chini ya miguu, au ukaona ufa unakimbia mbele ya skii, usijadili. Geuza kwa njia uliyojia.

Taarifa ya hatari ya maporomoko isome asubuhi kabla ya kutoka. Kipimo chake kina ngazi 5, na watu huidharau ya 3 kwa kuwa iko katikati. Vifo vingi hutokea hapo hapo.

Vifaa sasa. Kila mtu, si kiongozi peke yake, awe na redio ya kutafutia aliyefukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea na koleo. Simu ikae mbali na hiyo redio, walau sentimita 20, na 50 unapotafuta, kwani huivuruga. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kupona. Baada ya hapo hupungua haraka mno, na helikopta haitakuwa imefika. Mkimpata kwa fimbo, msichimbe shimo la kwenda chini. Anzeni upande wa bondeni, mwingie kwa ubavu.

Penye shaka tunavuka mmoja mmoja, wengine wakitazama. Na yeyote akisema turudi, tunarudi; sababu zake tutazisikia tukishashuka.